Lori la zamani kwenye barabara ya leo: uliache lilivyo, uliboreshe, au uipandishe kebini kwenye chesisi mpya?

Mtu akipata lori la miaka ya 1960, swali lake la kwanza huwa la injini: aiache ile ile au atafute nyingine? Nimeona malori mazuri yakiishia chini ya turubai kwa sababu ya swali hilo. Injini mpya inaingia, nguvu inaongezeka, halafu inabainika kwamba breki hazitoshi, klachi inateleza, difu haielewani na injini, na fedha za kurekebisha hayo zimeshaliwa na injini yenyewe. Kwa hiyo hapa nimegeuza mpangilio. Naanza na kinacholisimamisha lori, nafuata kinachogusa lami, na injini itangoja zamu yake.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kulirudisha lilivyotoka kiwandani, hadi aina ya bolti ukiweza. Ya pili ni kuacha sura, sauti na injini vilevile, lakini chini ya gari kubadili vile vinavyohusu uhai wa watu. Ya tatu ni kung'oa kebini na boneti na kuvipandisha juu ya chesisi ya lori la kisasa, pamoja na injini yake, breki zake na kompyuta zake.

| | Asili kabisa | Asili iliyoboreshwa | Kebini juu ya chesisi mpya |
|---|---|---|---|
| Inafaa kwa | maonyesho, safari fupi, bila mzigo | safari ndefu, mzigo wa kiasi | kazi ya kila siku |
| Mwendo wa raha | km 60–75 kwa saa | km 80–90 kwa saa | kama lori lolote la leo |
| Hadhi ya gari la kihistoria | inabaki | inategemea ulichobadili | mara nyingi inapotea |
| Kichwa kinauma wapi | spea | kuoanisha sehemu za umri tofauti | nyaya na usajili |
| Kurudi nyuma | hakuna haja | inawezekana ukitunza vya zamani | sahau |

Jedwali linafanya mambo yaonekane mepesi. Uzito wa safu zake haufanani hata kidogo.

Breki

Malori mengi mazito ya miaka ya 1950 na 1960 yana breki za upepo za mkondo mmoja. Kompresa inajaza tanki, ukikanyaga pedeli valvu inafunguka, upepo unakwenda kwenye magurudumu yote kwa njia ile ile moja. Hosi moja ikipasuka, zote zimekwenda. Kinachobaki ni breki ya mkono, ambayo kwa malori hayo ni waya au fimbo inayovuta breki za nyuma, au kiatu kinachobana ngoma ndogo kwenye propela. Ilitengenezwa kushika lori lililoegeshwa. Kusimamisha tani kumi zinazoteremka mlima si kazi yake.

Mfumo wa leo una mikondo miwili inayojitegemea, mmoja ukifa mwingine unafanya kazi, na kwenye ekseli ya nyuma kuna chemba za springi. Humo ndani kuna springi nene iliyobanwa na upepo. Upepo ukiwepo, springi imelazwa na gurudumu liko huru. Upepo ukiisha, springi inafunguka na kukaba breki yenyewe, dereva apende asipende. Marekani, kanuni ya breki za upepo ya FMVSS 121 iliyoanza mwaka 1975 ndiyo iliyofanya mpangilio wa aina hii kuwa wa lazima kwa malori mapya, na ndiyo maana lori la kabla ya hapo ni bahati nasibu: mengine yamewekewa baadaye, mengine hayajawahi kuguswa.

Kuna hesabu ndogo inayonyamazisha ubishi mwingi. Joto ambalo breki zinapaswa kumeza hupanda kwa mraba wa mwendo. Lori lililozoea kutembea kilomita 70 kwa saa ukilipeleka 90, mwendo umeongezeka chini ya theluthi moja, lakini joto la kusimama limeongezeka kwa asilimia 65. Ngoma ni zile zile, lainingi (vipande vinavyosugua ngoma) ni zile zile. Anayesema "mbona zamani zilitosha" yuko sahihi. Zilitosha kwa mwendo wa zamani.

Hapa mimi sioni ulinganisho. Njia ya kwanza inashindwa, na hata mpenda asili aliyekula kiapo ningemshauri aweke mikondo miwili, chemba za springi nyuma, king'ora cha upepo kupungua na kikausha upepo. Vyote vinakaa chini ya gari. Atakayeviona ni yule aliyelala chali kwenye lami akivitafuta, na huyo kwa kawaida ni fundi mwenzako.

Mambo matatu ya kuchunga. Chemba ya springi haifunguliwi kabla ya kuifunga springi yake kwa bolti maalumu. Nguvu iliyomo inaua. Slaki za kujirekebisha (mikono inayounganisha chemba na breki) zinafungwa pande zote mbili za ekseli, zikiwa na urefu uleule na chemba za ukubwa uleule, la sivyo lori litavuta upande mmoja. Na vumbi la lainingi za zamani lichukulie kuwa lina asbesto: usilipulize kwa upepo wa kompresa, lilowanishe kwanza.

Breki za diski? Zinavutia, lakini maana yake ni kubadili ekseli na kitovu cha gurudumu, na rimu za inchi 20 mara nyingi hazina nafasi ya kuzimeza. Ngoma zilizotengenezwa vizuri zinatosha. Diski ni za njia ya tatu.

Rimu na matairi

Rimu za zamani ni za vipande. Tairi lenye tyubu linavalishwa, kisha ringi ya kufungia inagongwa ikae kwenye mfereji wake. Ringi ikiwa imeliwa na kutu, imepinda, au ni ya kiwanda kingine tofauti na rimu, inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo, na hakuna anayesimama mbele yake akabaki mzima. Ndiyo maana zinajazwa ndani ya kizimba cha chuma, na ndiyo maana upepo unatolewa wote kabla nati ya kwanza haijalegezwa.

Za leo ni rimu za kipande kimoja za inchi 22.5 kwa matairi yasiyo na tyubu. Usitishwe na namba. Tairi la 10.00-20 na la 11R22.5 yanakaribia kulingana kwa kimo, na vivyo hivyo 9.00-20 na 10R22.5, au 11.00-20 na 12R22.5. Kwa hiyo kipima mwendo hakidanganyi sana na lori halipandi wala kushuka. Kinachobadilika ni uso wa gurudumu: mtu mwenye jicho ataiona rimu mpya kutoka mbali, kama anavyoona meno ya bandia. Ukienda njia hiyo pima matundu ya bolti kabla ya kununua chochote. Malori mengi mazito ya Ulaya yana matundu 10 kwenye duara la milimita 335, ya Marekani yana 10 kwenye milimita 285.75, na lori lako linaweza kuwa na mpangilio wake lenyewe. Pima pia nafasi kati ya magurudumu pacha ya nyuma. Yakigusana kwa mzigo yanaungua.

Lori la maonyesho linaweza kubaki na rimu za vipande, kama zote ni za kiwanda kimoja, zimesafishwa hadi chuma na fundi wako ana kizimba. Kwa safari ndefu ningebadili bila kufikiri mara mbili, kwa sababu pancha ya usiku kwenye rimu ya vipande itakukuta huna kizimba wala fundi aliye tayari kuigusa.

Umri wa tairi wanausahau wengi, kwa kuwa gari la kuegeshwa halimalizi kashata (meno ya tairi). Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Uingereza imepiga marufuku matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi tangu tarehe 1 Februari 2021. Hata kama kwako hakuna sheria hiyo, ifanye yako.

Difu na gia

Huku ndiko lori la zamani linakopata sifa ya uzembe isiyo yake. Chukua Mercedes-Benz L 1113. Jina lenyewe linasema: tani 11, nguvu za farasi 130. Gawanya, unapata karibu farasi 12 kwa kila tani. Semitrela ya leo ya tani 44 yenye farasi 420 ina 9.5. Kwa nguvu peke yake mzee hajashindwa. Kinachomshinda ni difu iliyochongwa kwa barabara za vumbi na milima.

Fanya hesabu yako kabla ya kufungua pochi. Gawanya mizunguko ya injini kwa uwiano wa difu (mara ngapi propela inazunguka ili gurudumu lizunguke mara moja), gawanya tena kwa uwiano wa gia ya juu, zidisha kwa mzingo wa tairi. Tairi la 10.00-20 linasogea takribani mita 3.2 kwa mzunguko mmoja. Injini ya OM 352 iliyomo kwenye L 1113 inafika mizunguko 2,800 kwa dakika. Kwa difu ya 7.2 na gia ya juu ya moja kwa moja (uwiano wa 1), hiyo ni kilomita 75 kwa saa, injini ikiwa inapiga kelele mwisho wa uwezo wake. Kwa difu ya 6.0 ni 90.

Sasa weka injini ya kisasa zaidi, yenye nguvu maradufu lakini inayokomea mizunguko 2,200, na usibadili difu ya 7.2. Mwendo wa juu unakuwa kilomita 59 kwa saa. Umetumia fedha nyingi na lori limekuwa polepole zaidi. Hili si la kubuni; ni kosa la kawaida kabisa kwenye kazi hizi.

Njia za kutoka ni tatu. Kubadili meno ya difu, ambayo ni safi kuliko zote kama kiwanda kilitoa uwiano mwingine kwa ekseli hiyohiyo. Kuweka giaboksi yenye gia ya juu ya ziada: uwiano wa 0.8 tu unaibeba difu ile ya 7.2 hadi kilomita 93. Au kuongeza kigiaboksi kidogo nyuma ya kile cha kwanza, jambo linalodai kukata propela na kuipima upya pembe zake. Mimi huanza na difu. Haionekani, haigusi kebini, na injini ya asili ghafla inapumua.

Vipi gia zisizo na sinkronaizi (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), zile za kukanyaga klachi mara mbili? Ziache. Giaboksi za Fuller Roadranger zimekuwa zikivuta malori makubwa ya Marekani kwa miongo mingi bila sinkronaizi. Hiyo ni tabia ya kujifunza, na ni nusu ya raha ya kuendesha.

Injini, hatimaye

Ukishamaliza difu, sababu ya kubadili injini imepungua sana. Imebaki moja yenye uzito: unataka kuvuta trela. Ya pili ni spea kukosekana kabisa.

Injini ya asili ikifanyiwa ovaholi nzuri inaweza kuishi na dizeli ya leo, ukizijua dosari mbili. Dizeli yenye salfa kidogo sana hulainisha kidogo kuliko ile ya zamani. Pampu ya dizeli ya mstari, yenye kipampu kwa kila silinda, kwa kawaida inalainishwa na oili ya injini na haijali sana. Pampu ya mzunguko kama CAV DPA inalainishwa na dizeli yenyewe, hivyo ndiyo ya kuhudumiwa kwanza na kupewa kilainishi. Na hosi, sili na kiwambo cha pampu vya mpira wa zamani vyote vitoke, hasa kama dizeli unayoipata imechanganywa na ya mimea.

Kabla ya kufikiria injini ya jamii nyingine, tafuta ndugu yake mwenye turbo. OM 352 ina OM 352 A, inayoupita ule uwezo wa farasi 130 kwa mbali na kukaa kwenye nafasi ileile. Lakini chukua injini nzima. Kufunga turbo juu ya injini isiyozaliwa nayo ni kuipikia pistoni: zile za turbo kwa kawaida ni za aina nyingine na hupozwa kwa oili kutoka chini.

Ukilazimika kutoka nje ya ukoo, Cummins 6BT ya lita 5.9, iliyoanza mwaka 1984, inapendwa kwa sababu pampu yake ni ya kimakanika: haitaki kompyuta, waya wa kuizima tu. Kwa malori makubwa, NT855 ya lita 14 ina silivu (mirija ambamo pistoni hutembea) zinazotoka na kuingizwa mpya, na hilo ni raha kwa fundi, mradi uijaze kipozeo chenye dawa. Maji matupu hutoboa silivu za namna hiyo kutoka upande wa nje. Injini ya kielektroniki ya karne hii ni habari nyingine. Inakuja na sensa za pedeli, za giaboksi, za ekzosti, chujio la masizi na tanki la urea, na ukikosa kimoja inagoma au inajipunguzia nguvu. Ukiona unaelekea huko, acha kuhangaika na chesisi ya zamani na usome sehemu ya njia ya tatu.

Kwa wenye Detroit Diesel za mipigo miwili, kama 8V-71: msiguse. Sauti ile ndiyo lori. Wekeni oili ya SAE 40 ya daraja moja, sio 15W-40 inayouzwa kila mahali, na mkubali kwamba itatoa jasho la oili kila mahali.

Usukani, umeme, viti

Kwa kifupi, kwa sababu hapa njia ya pili inashinda karibu bila mpinzani. Matairi ya kisasa ya radial hufanya usukani mkavu uwe mzito zaidi wakati wa kuegesha. Silinda ya msaada ya haidroli inayofungwa kwenye fimbo ya usukani inaacha boksi la asili mahali pake. Boksi zima la usukani wa paua linafanya kazi vizuri zaidi lakini linahitaji kituo kipya kwenye chesisi na pembe sahihi, vinginevyo kila shimo litageuza usukani. Badili dinamo kwa altaneta, ila malori mengi ya Kiingereza yalifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi: geuza kwanza, au daiodi zitaungua siku hiyohiyo. Nyaya zenye ganda la kitambaa zote zitoke. Taa za mbele za inchi 7 zinapokea balbu za H4 bila kubadili sura. Mikanda ifungwe kwenye bamba nene lililopita sakafu ya kebini, maana bati lenyewe litachanika.

Na usichomelee wala kutoboa mabawa ya juu na chini ya reli za chesisi. Chuma kilichopikwa kwa joto kinapoteza nguvu pale moto ulipopita, na ufa huanzia hapo. Riveti zilizolegea hubadilishwa kwa bolti za daraja la juu zinazojaa tundu barabara.

Sheria inaweza kukuchagulia

Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2014/45, unaliita gari la kihistoria lile lenye angalau miaka 30, ambalo aina yake haitengenezwi tena, na ambalo sehemu zake kuu hazijabadilishwa sana kiufundi. Injini ya jamii nyingine au chesisi mpya inaweza kukutoa humo, na pamoja nayo nafuu ya ukaguzi na ruhusa ya kuingia miji yenye vizuizi vya moshi. California, tangu Januari 2023, malori mazito ya dizeli karibu yote yanatakiwa yawe na injini za mwaka 2010 na kuendelea. Upande mwingine, kanuni za Marekani za kurekodi saa za dereva kielektroniki zinaziacha injini za kabla ya mwaka 2000, kwa hiyo kubaki na injini ya zamani kuna faida huko. Uliza mamlaka yako kwa maandishi kabla ya kukata chuma.

Njia ya tatu ni ya nani

Ni ya mtu anayepakia kila siku na kulipwa kwa tani. Anapata breki za kisasa zenye mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, spea za dukani, na kitanda kizuri akitaka. Analipa kwa miezi ya kuoanisha: kebini nyembamba juu ya injini pana, pedeli zisizofika, dashibodi ya zamani isiyozungumza na kompyuta. Na kisheria, mara nyingi lori linachukua mwaka na namba ya chesisi iliyolibeba. Sura ya 1965, cheti cha 2012. Siwadharau wanaofanya hivyo, lakini waliite jina lake. Hawakurejesha lori, wamejenga jipya lenye uso wa babu.

Kwa lori linalotembea peke yake bila trela, pesa zangu zingekwenda hivi: breki, rimu na matairi, difu, nyaya, kisha ovaholi ya injini ileile. Kila nilichotoa kingeingia kwenye sanduku chenye lebo, hata hosi iliyopasuka, kwa kuwa anayenunua baada yangu huenda akaitaka njia ya kwanza.

Kabla hata ya kuanza, fanya jaribio moja litakalokuambia uko wapi. Simamisha lori kwenye mteremko mdogo, magurudumu yote yakiwa na vigingi vilivyoachwa nafasi ya kiganja. Kaza breki ya mkono, zima injini, kisha fungua koki za matanki mpaka upepo wote uishe. Subiri nusu saa. Likiegemea vigingi, unajua fedha ya kwanza inakwenda wapi.